Eti kosa ni langu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Msimu wa korosho mume wangu huhamia Tandahimba. Safari hii nimejua ana mwanamke huko. Anasema nilimpuuza tangu nijifungue, na kwamba hela ya nyumbani hajapunguza hata mia. Nimeanza kuamini kosa ni langu.
Mama wa Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo malalamiko ya kupuuzwa uliyasikia lini, kabla hajabambwa au baada? Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza kwamba mtu akitenda kinyume na anavyojiona, nafsi humsumbua, na mara nyingi hubadili maelezo badala ya tendo. Mumeo anajiona mtu mwema. Basi kakutafutia kosa, kisha anahesabu hela anazotuma kana kwamba ndoa ni mzani wa ghalani: kilo zikitimia, hadaiwi. (Na wale wa mzani nao wana yao, tuyaache.)

Huenda kweli alikuwa mpweke. Mtoto mchanga humfanya mama amsahau hata mumewe. Hilo mlizungumze. Lakini simu si anayo? Muulize kwa nini hakukwambia wewe kwanza, kisha unyamaze, usimsaidie kujibu. Na kabla hajarudi chumbani, nendeni wote wawili mkapime VVU.