Fundi wa Jumatatu mwambie asije

Hapana, simamisha. Kabla hujamaliza kusoma haya mpigie mdogo wako umwambie fundi wa Jumatatu asije, na nguzo zozote zilizokwisha kuletwa azipange pembeni azifunike turubai.

Umeuliza mengi. Ploti ya futi 50 kwa 100 njia ya Mambrui, karibu na Malindi, wewe uko Doha, mdogo wako ndiye msimamizi, mfukoni una KSh 250,000. Unataka kujua ujenge ukuta wa mawe au uzungushe waya, nguzo ziwe za mikoko au za zege, geti liwe la namna gani, uanze sasa au ungoje masika yapite. Orodha yako ina hadi kufuli na bawaba. Sarveya, yaani mpima ardhi, hayumo. Nilichokiona ni haya maneno: "mipaka tulionyeshwa na aliyetuuzia." Hapo nikaacha chakula nikaanza kuandika, kwa sababu mimi pia nilionyeshwa.

Yangu iko upande wa Ganda, na vipimo ni hivyo hivyo. Nilinunua mwaka 2019 kupitia dalali mmoja, mtu mzima, maneno matamu, akiniita mwanangu kila sentensi. Siku ya kuonyeshwa alinipeleka pembe ya mbele, akagusa kwa fimbo jiwe la tumbawe lililopakwa rangi nyekundu, akasema mpaka ni hapa. Kisha akatembea hatua ishirini ubavuni mwa njia, akahesabu kwa sauti, akasimama: "Na hapa." Pembe ya nyuma akanionyesha mwembe. Mti mzima, shina lake huwezi kulikumbatia, na mpaka eti ndio huo. Nilimuuliza kama tungemwita sarveya. Akacheka, akasema sarveya ni watu wa kula pesa za watu, yeye kitovu chake kimezikwa pale na mipaka yote anaijua kwa miguu yake. Sarveya niliyekuwa nimemuulizia bei alitaka KSh 20,000. Nikaona elfu ishirini ni karibu lori zima la mchanga. Nikamwacha.

Nikaanza na upande wa kushoto, ule mrefu wa futi 100, kwa sababu ndio uliokuwa wazi na mbuzi wa watu walikuwa wakipita. Ukuta wa mawe ya kuchonga, kozi tisa, yaani safu tisa za mawe, nguzo za zege zenye nondo kila futi kumi. Mawe yalikaribia mia saba. Kozi ya tatu ilipokuwa inapandishwa, akaja kijana wa miaka kama kumi na mbili, akasema nyanya yake amemtuma aniambie nisimamishe kidogo, maana anaona kama nimeingia kwake. Ile ploti ya jirani ilikuwa tupu, nyasi tupu, wala sikujua kama ina mwenyewe. Nikampigia dalali. Akaniambia, "Huyo bibi ni mgomvi, jenga." Nikajenga. Mtoto wa watu nilimpa soda, nikamwambia amsalimie nyanya yake.

Hapo ndipo ninapoumia hadi leo, kuliko hata pesa. Kusimamisha kozi ya tatu ilikuwa hasara ndogo. Nilikuwa nimeambiwa kwa adabu na mtu aliyekuwa na haki.

Ukuta ulipokwisha nikapiga hesabu ya upande huo peke yake: mawe, simiti, nondo, mchanga, kokoto na ufundi, KSh 186,000. Wiki mbili baadaye yule mama akaja mwenyewe, leso zake mbili, bahasha ya kaki mkononi. Hakupiga kelele. Alitoa ramani ya kiwanja chake akaikunjua juu ya boneti ya gari langu, akaweka kidole. "Mwanangu, mimi sisemi umeiba. Nasema tupime."

Tulipima, na elfu ishirini nikazilipa hizo hizo nilizozikataa. Sarveya hakuangalia jiwe jekundu wala mwembe. Alianza mbali, kwenye bikoni, zile alama za mpaka zilizozikwa ardhini, za ploti za watu wengine ambazo zinajulikana, akazithibitisha kwanza, ndipo akaja kwetu na ile fimbo yenye chombo cheupe juu kama uyoga. Akasogea, akasogea tena, akasimama mbele ya rundo la mchanga wangu, lile lililobaki baada ya ujenzi. Akasema, "Ondoeni huu." Vijana wakapiga sepetu. Chini ya mchanga, udongo; chini ya udongo, kama urefu wa mkono hadi kiwiko, jembe likalia kwaa. Duara la zege, upana wa sahani, na kipande cha chuma kimesimama katikati. Bikoni yangu mwenyewe. Miezi miwili nilikuwa nimeilalia na mchanga wangu mwenyewe.

Ukuta ulikuwa ndani ya kiwanja cha yule mama futi sita kwa mbele na futi nane kwa nyuma. Ukizidisha ni futi mraba 700 za mtu mwingine. Na kwa kuwa ploti yote ilionyeshwa imesogea, upande wa kulia nilikuwa nimeacha ardhi yangu mwenyewe nje, watu wamekwisha kufanya kijia wanapita na baiskeli.

Nilimwomba aniuzie kile kipande. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza kwamba kile kiwanja ni mirathi, wako warithi saba, wawili wako Lamu na mmoja Maskati, na hakuna mmoja anayeweza kuuza hata shubiri peke yake. Hata wangekubali wote, ingebidi kukata upya na kubadilisha hati mbili. Nikamwendea wakili nikidhani mahakama itanipa hata muda. Akanifungulia Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18: ugomvi wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa mahakama haiupokei hadi kwanza mipaka yenyewe iamuliwe kwa njia iliyowekwa pale, yaani kwa Msajili wa Ardhi. Na Msajili angekuja na sarveya na ramani ile ile. Wakili mwenyewe aliniambia nisipoteze pesa zaidi.

Yule mama alinipa hadi baada ya Ramadhani. Kubomoa na kuzoa vifusi kulinigharimu KSh 24,000. Na hapa kuna jambo ambalo watu hawalijui: nilidhani mawe nitayaokoa. Jiwe la tumbawe ni laini, na simiti ikishalishika huwezi kulibandua. Ukipiga patasi kwenye kiungo, kinachovunjika ni jiwe. Katika yale karibu mia saba, mazima yalifika 260. Mengine yalikwenda kujaza mashimo ya njia.

Kwa hiyo KSh 210,000 zilikwenda kwa sababu ya elfu ishirini. Nimeziandika kwa tarakimu uziweke karibu na zile zako 250,000.

Yule dalali nilipompigia mara ya kwanza aliniambia huenda jiwe lilisogezwa na watoto. Mara ya pili akasema yeye alionyesha tu, aliyeuza ni mwingine. Baada ya hapo simu ikawa haipatikani. Alichukua kamisheni kwangu na kwa muuzaji, na kwenye mkataba wetu hakuna mahali jina lake lilipoandikwa. Namlaumu, na nitamlaumu mbele ya Mungu, kwa sababu hakukosea: mtu aliyezaliwa pale anajua kwamba mwembe si bikoni. Na fundi wangu naye, fundi mzuri wa mkono, aliniambia "tufuate mstari wa ploti ya nyuma." Ploti ya nyuma nayo haikuwa imepimwa. Tulifuata kosa la mwenzetu.

Mimi nilikuwa hapa hapa Malindi, kiwanja nakiona kila Jumapili, na yakanikuta. Wewe unatumiwa picha kwa simu. Picha itakuonyesha nguzo zimesimama wima zimepangika vizuri. Haitakuonyesha zimesimama kwa nani.

Sasa hesabu, haraka haraka. Mzunguko wako ni futi 300. Toa futi 12 za geti, zimebaki 288. Nguzo moja kila futi kumi ni kama 30, na kila pembe iongezee nguzo mbili za kuegemeza, la sivyo waya ukivutwa pembe zinalala. Nguzo iwe ya futi nane, mbili ardhini na sita juu. Waya wa chenlinki, ule wa wavu, wa mikunjo ya mita 18 utachukua mikunjo mitano. Ukinunua uliza geji: namba ikiwa ndogo waya ni mnene, 12 ni mnene kuliko 16, na muuzaji asipotaja geji ujue anakupa ile nyembamba. Mambrui pale kusi ikivuma inaleta chumvi hadi ndani ya nyumba, kwa hiyo chukua waya uliovikwa plastiki au uliopakwa zinki kwa kuchovywa. Seng'enge ya bei rahisi itakula kutu upesi. Mchanga chukua wa mto Sabaki, usikubali wa ufuoni, na zege la nguzo lisichanganywe kwa maji ya kisima cha chumvi, kwa sababu nondo zitavimba kwa kutu na nguzo itapasuka. Mikoko ni mizuri, boriti nzuri inavumilia, lakini muuzaji awe na kibali cha misitu. Kwa ukuta wa mawe pande zote nne pesa hizo hazitatosha, usijidanganye, na kabla ya kuujenga ulizia kibali cha kaunti.

Lakini hayo yote yaje ya pili. Mstari wa kwanza wa bajeti yako, juu ya nguzo, juu ya waya, andika sarveya. Awe na leseni, na akuonyeshe leseni yenyewe, si kadi ya jina. Aje na ramani aliyoichukua ofisi ya ardhi, asije na nakala aliyopewa na muuzaji. Angalia pia hati yako ni ya aina gani. Viwanja vingi vya Malindi mjini ni posheni, yaani vipande vyenye namba yake kwenye ramani ya upimaji, hati zake zilianzia ile sheria ya hati ya 1908, na ramani yake ina urefu wa kila upande na namba ya kila bikoni, kwa hiyo sarveya ana kitu cha kurudia. Ng'ambo ya mto, ardhi iliyokatwa kwenye skimu za makazi, kama ile ya Magarini, mara nyingi iko kwenye ramani ya msajili ambayo mipaka yake ni ya makadirio. Ikiwa yako ni hiyo, majirani wawepo siku ya kupima, wote, na waweke sahihi. Waiteni kwa heshima, chai iwepo. Mzee wa mtaa naye aje. Jirani aliyeona kwa macho yake chuma kinatolewa ardhini hatakuja kukubomolea.

Na bikoni ikishapatikana msiing'oe wala msiisogeze hata kama imekaa njiani mwa shimo la nguzo. Kuharibu alama ya mpaka ni kosa la jinai, kifungu cha 21 cha sheria ile ile.

Jambo jingine ambalo sarveya aliniambia nikiwa tayari nimebomoa: hata ukijua mpaka, ukuta usiuweke juu ya mstari. Ukuta una unene wa inchi sita au tisa, lakini msingi wake chini una upana wa futi mbili. Ukijenga katikati ya mstari, nusu ya msingi iko kwa jirani, hauonekani, na siku akichimba shimo la choo ataukuta. Ingia ndani kwako kiasi cha msingi wote kukaa kwako. Utapoteza futi moja ya nyasi.

Leo nina waya pande tatu na ua wa miti ya minyaa upande wa yule mama. Miche ya minyaa alinipa yeye, kutoka kwa dada yake wa Msabaha, na tuliipanda kwa kamba iliyofungwa bikoni hadi bikoni.

Leo jioni, kabla jua halijatua, mdogo wako achukue jembe aende. Akupigie simu ya video. Aanze pembe ya nyuma, achimbe pale pale mlipoonyeshwa, taratibu, hadi urefu wa mkono. Unatafuta zege na chuma katikati, si jiwe lenye rangi. Asipokiona huko usihitimishe lolote, funika shimo, mngoje sarveya.

Na unijibu hili moja kwanza: aliyewauzia, pembe ya nyuma aliwaonyesha nini? Usiniambie ni mti.