Besi ya Peter Hook usiku ule Paris

SWALI: Shikamoo mzee. Mwaka huu nimeipenda sana albamu ya Unknown Pleasures ya bendi ya Joy Division ya Uingereza, sasa natamani kuwasikia wakipiga laivu. Rafiki yangu aliniwekea rekodi yao moja ya jukwaani, mwimbaji akawa hasikiki mwanzoni mwa wimbo, nikaomba aizime. Anasema rekodi zao za laivu zote ni makelele, nibaki na za studio. Ni kweli? Kama ipo nzuri, nianze na ipi, na nisikilize nini hasa?
Msomaji wa Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako kakosea, ila nadhani najua alikuwekea nini. Wimbo ule ni “Ceremony”, uliomo kwenye albamu ya Still ya mwaka 1981. Sehemu kubwa ya nyimbo zake za laivu ilirekodiwa Chuo Kikuu cha Birmingham tarehe 2 Mei 1980, na hiyo ndiyo ilikuwa shoo yao ya mwisho. Siku 16 baadaye mwimbaji wao Ian Curtis alijiua, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akisumbuliwa na kifafa. Wengi huanzia hapo kwa sababu ya msiba ule, kisha sauti inawavunja moyo. Iweke kando kwanza.

Tafuta Les Bains Douches. Ni shoo ya Paris ya tarehe 18 Desemba 1979, kwenye klabu ambayo zamani ilikuwa bafu la umma. Redio ya Ufaransa iliirusha, ila kuuzwa kama albamu ni hadi mwaka 2001.

Mimi kazi yangu ni mitambo ya sauti. Zaidi ya miaka 20 niko nyuma ya miksa, kwenye harusi na kumbi za dansi. Rekodi hii niliisikia mara ya kwanza saa nane usiku, nimetoka kufunga spika za harusi Temeke, nimekaa kwenye gari na mabunda ya waya yamenijaa miguuni. Dramu za “Disorder” zilipoingia, nikaurudisha wimbo ule mara tatu kabla sijawasha gari.

Albamu unayoipenda ilitengenezwa na prodyuza Martin Hannett katika Strawberry Studios, Stockport. Hannett alimfanya mpiga dramu Stephen Morris apige ngoma moja moja, ili kila mlio ukae peke yake, kisha akaujaza mwangwi kati ya mlio na mlio. Ndiyo maana unapoisikiliza unajiona umo kwenye jengo tupu. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Lakini Peter Hook wa besi na Bernard Sumner wa gitaa hawakuifurahia. Wao walitaka nguvu yao ya jukwaani isikike. Isikilize Paris utawaelewa. “Disorder” ni ile ile, ila inakimbia, na dramu zinakugonga kifuani. Hawa ni vijana wanne wa kaskazini mwa Uingereza wanaofanya kazi kwa jasho.

Ulichouliza usikilize nini: besi. Hook anapiga juu kabisa kwenye shingo ya gitaa, kwenye noti nyembamba. Mwenyewe ameeleza kwamba spika yake ilikuwa hafifu na ya Sumner ilikuwa na kelele, kwa hiyo akipiga chini hajisikii. Sisi wa mitambo tunaijua sana shida hiyo. Basi besi ndiyo ikawa inaimba, gitaa likabaki kukwaruza pembeni. Sikiliza “Shadowplay”: besi inaanza, na hadi wimbo unaisha ni yenyewe inayokushika mkono.

Halafu “Transmission”. Curtis anaanza kwa sauti ya chini, kama anayeongea, anapanda kidogo kidogo, hadi pale anapowataka watu wacheze tayari anapiga ukelele. Sauti inakwaruzika. Ningekuwa kwenye miksa usiku ule ningemshusha kidogo, na ningekosea.

Wimbo wa pili kwenye albamu hii ni “Love Will Tear Us Apart”, unaojulikana leo dunia nzima. Usiku ule ulikuwa hata haujatoka; ulitoka Juni 1980, Curtis ameshafariki. Paris wanaupiga kama wimbo wowote mpya, bila kuubembeleza, na mimi napenda hivyo.

Kuna jambo moja la kukuonya. Albamu ina nyimbo 16, lakini za Paris ni 9 za kwanza tu. Zilizobaki ni za Amsterdam na Eindhoven, Uholanzi, Januari 1980, na jina la albamu halikwambii hivyo. Kuanzia wa 10 utasikia ukumbi umebadilika. Usiache hapo, maana kuna “Dead Souls” ya Eindhoven: karibu dakika 2 zinapita Curtis hajafungua mdomo, na hutamani aanze.

Ukishaizoea hiyo, nenda shoo ya Preston, Uingereza, ya tarehe 28 Februari 1980. Vifaa viliwaharibikia palepale jukwaani na yote yamo kwenye rekodi. Wengi hawaipendi. Mimi nimewahi kupotelewa na sauti ya kinanda katikati ya wimbo, maharusi wako uwanjani wanacheza, ndiyo maana nawasikiliza wale vijana wakiendelea hivyo hivyo na nawaonea fahari.

Usitumie spika ya simu, besi yote itapotea. Vaa hedifoni, hata za bei ndogo.

Birmingham iwe ya mwisho. Sasa utakuwa umeshamjua mwimbaji, hata pale anapopotea kwenye “Ceremony” utajua anasimama wapi. Shoo inafungwa na “Digital”, na huo ndio wimbo wa mwisho Ian Curtis kuuimba mbele ya watu. Mimi siukatizi katikati, hata simu ikiita.