Zizi Lijengewe Ng'ombe Kwanza, Simba Baadaye

Msomaji ameuliza: boma limezungushiwa miiba ya kutosha, sasa simba kapita wapi? Mara nyingi hakupita popote. Anakaa upande upepo unakotoka, ng'ombe wanapata harufu yake, wanataharuki, wanavunja miiba kutoka ndani na kutoka wenyewe huko nje. Wa kuzuiwa kwanza ni ng'ombe wako.

Ndiyo maana wafugaji kadhaa wa Umasaini, kaskazini mwa Tanzania, wameacha miiba mitupu wakajenga kwa nguzo hai na wavu wa senyenge. Nguzo ni matawi ya miti jamii ya Commiphora, ambayo ukiyachomeka yanatoa mizizi. Yakate mti ukiwa hauna majani, mvua ikikaribia: urefu mita 2.4, unene wa kifundo cha mkono au zaidi. Chimbia nusu mita, upande mnene chini.

Wavu wa mita 1.8 ufunge ndani ya nguzo. Wengi huufunga nje kwa sababu unapendeza, halafu ng'ombe wakisukuma, vifungo vinafyatuka kimoja kimoja. Ukiwa ndani, uzito wao unaishia kwenye nguzo, na mbuzi hawatafuni magome. Usikaze waya sana. Mti unanenepa na waya utaukaba.

Fisi huchimba. Tandaza nje kipande kingine cha wavu, upana nusu mita, kifunge na ule uliosimama, kisha panga mawe juu yake.

Mlango ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Uzio wa maana, mlango tawi la mgunga! Weka fremu, na mlango ufunguke kwenda ndani, ili ng'ombe wakiusukuma uzidi kujibana. Chui hupanda, kwa hiyo wana-mbuzi walale penye paa. Taa za kumeta zinasaidia kufukuza simba ukizihamisha mara kwa mara. Zikikaa palepale, wanazizoea.

Sumu kwenye mzoga usithubutu. Itaua tumbusi na mbwa wa jirani, na simba aliyekula ng'ombe wako huenda asirudi hapo kabisa.

Kifuta jasho cha serikali kwa aliyeuliwa mifugo na wanyamapori, kilichowekewa kanuni mwaka 2011, si fidia, usikipigie hesabu ya kununua ng'ombe mwingine. Hata hivyo toa taarifa kijijini mapema. Usiburute mzoga, ni ushahidi. Funika nyayo za mnyama aliyeshambulia kwa beseni kabla ya upepo au mifugo kuzifuta, uzipige picha ukiwa umeweka kiberiti pembeni ili ukubwa uonekane.