Mafua na safari ya kuwaona gorila

Ndugu, umeuliza kama mafua uliyonayo yanatosha kukufanya uahirishe safari ya kuwaona gorila wa milimani katika msitu wa Bwindi, Uganda. Ahirisha, tafadhali, kwa sababu wanyama hawa wana undugu wa karibu mno na binadamu, kiasi kwamba virusi vinavyotusumbua sisi kwa siku chache vinaweza kuwasababishia nimonia na kuwaua, na waliobaki porini duniani kote ni zaidi kidogo tu ya 1,000. Kwangu hilo halina mjadala. Utakapokuwa mzima, vaa barakoa mbele yao, usiwasogelee, na uridhike na saa moja mnayopewa. Miteremko ni mikali na huteleza, kwa hiyo mchukue mpagazi, ambaye kipato chake hutokana na kazi hiyo.