Mafundisho Jamii ya Kanisa: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Tumsifu Yesu Kristo. Tumesikia kwamba Papa wa sasa alichagua jina la Leo kwa kumkumbuka Leo XIII na waraka wake juu ya wafanyakazi. Waraka huo ulisema nini hasa? (Katekista, Bukoba)

Milele amina. Waraka huo, uitwao Rerum Novarum, ulitolewa tarehe 15 Mei 1891, wakati viwanda vya Ulaya vilipokuwa vikiwatumikisha watu, watoto wakiwemo, kwa saa nyingi na kwa ujira mdogo mno. Leo XIII aliyakataa majibu mawili yaliyokuwa yakishindana: lile la waliotaka mshahara uwe wowote ule ambao mwenye shida ataukubali, na lile la wajamaa wa wakati ule waliotaka mali ya watu binafsi iwe ya umma. Alitetea haki ya mtu kumiliki shamba lake, na katika waraka huohuo akatetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao na wajibu wa serikali kuwalinda wanyonge. Siku mbili baada ya kuchaguliwa, mwezi Mei 2025, Papa Leo XIV aliwaeleza makardinali kwamba maendeleo ya akili mnemba ni mapinduzi mengine ya viwanda, yanayodai tena utetezi wa utu, wa haki na wa kazi.

Je, Azimio la Arusha lilitokana na mafundisho ya Kanisa? Baba yangu, mwana-TANU wa zamani, husema ndiyo. Paroko wetu husema Kanisa lilikwisha kuukataa ujamaa. (Msomaji, Morogoro)

Kila mmoja wao ameshika upande mmoja wa ukweli. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na waraka wa Paulo VI juu ya maendeleo ya mataifa, Populorum Progressio, ukatolewa tarehe 26 Machi mwaka huohuo, kwa hiyo Azimio halikuweza kuchotwa humo. Lakini ukiyasoma maandiko hayo mawili pamoja utaona jinsi yanavyokaribiana, kwa kuwa Paulo VI anafundisha waziwazi kwamba haki ya kumiliki mali si haki isiyo na mipaka, na kwamba hakuna mtu mwenye ruhusa ya kujiwekea ziada ilhali wenzake wanakosa mahitaji ya lazima. Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa mwaka 1943, aliueleza ujamaa kwa undugu wa familia ya Kiafrika, wala hakuuegemeza kwenye katekisimu, naye alikuwa akiongoza nchi ya Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi. Hata hivyo, mwezi Oktoba 1970, akizungumza na Masista wa Maryknoll huko New York, alilitaka Kanisa lisimame upande wa wanaopinga mifumo inayowafunga watu katika umaskini, la sivyo watu watalihesabu kuwa sehemu ya dhuluma yenyewe.

Mimi binafsi naona kwamba mahali ambapo ujamaa wetu uliachana na mafundisho ya Kanisa si pale ambapo wengi hupataja, yaani kutaifisha mabenki na mashamba makubwa, bali ni katika kile ambacho Kanisa hukiita kanuni ya auni. Kanuni hii, iliyofafanuliwa na Pius XI mwaka 1931, inasema kwamba ni dhuluma kwa mamlaka ya juu kujitwalia kazi ambayo jumuiya ndogo inaweza kuifanya yenyewe. Wajibu wa mkubwa ni kumsaidia mdogo, si kumnyang'anya. Sasa tazama mfuatano wa mambo: halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972, kuhamia vijijini kukageuzwa kuwa amri mwaka 1973, na vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976. Marehemu babu yangu alitunza stakabadhi zake za kahawa ndani ya sanduku la bati, zikiwa zimefungwa kwa uzi wa katani, miaka mingi baada ya chama chake kufutwa. Alikuwa akisema kwamba kura yake ya kwanza maishani aliipiga pale, kumchagua mjumbe wa kamati wa kusimama penye mizani asije mkulima akapunjwa. Waliokivunja chama hicho walikuwa na nia ya kumsaidia babu, nami siitilii shaka nia hiyo, lakini walimwondolea ile nafasi ndogo aliyokuwa nayo ya kuamua jambo lake mwenyewe.

Kwa nini maaskofu wasiiachie serikali mambo ya siasa? (Msomaji, Mbeya)

Ng'ambo ya mpaka wenu, nchini Malawi, upo mfano mzuri. Jumapili ya tarehe 8 Machi 1992, katika makanisa Katoliki ya nchi nzima, ilisomwa barua ya Kwaresima iliyotiwa saini na maaskofu wote, ikitaja mishahara duni, shule na hospitali zilizofurika, na woga uliowafanya watu wasithubutu kusema wanachokiona. Nchi ilikuwa chini ya chama kimoja cha Rais Kamuzu Banda. Maaskofu walihojiwa na polisi, na mmoja wa waliotia saini pamoja nao, Monsinyori John Roche, msimamizi wa jimbo la Mzuzu na raia wa Ireland, akafukuzwa nchini. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni, na karibu theluthi mbili wakachagua vyama vingi. Barua ile haikumwombea mtu yeyote kura, na hapo ndipo mpaka ulipo: sheria ya Kanisa inawakataza mapadre kushika madaraka ya utawala wa kiraia, tena inawazuia kujitosa katika vyama vya siasa, lakini hakuna sheria inayowataka wanyamaze mbele ya mateso ya watu.

Ni kweli kwamba kanuni ya auni imo katika sheria za Umoja wa Ulaya? (Mwanafunzi, Nairobi)

Ni kweli, iliingizwa katika Mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992. Miongoni mwa waasisi wa ushirikiano huo wa Ulaya, Konrad Adenauer, Robert Schuman na Alcide De Gasperi walikuwa Wakatoliki waliolelewa katika fikra hizi.

Dada wa kazi alikubali mshahara mdogo bila kulazimishwa, na sasa namdai subira ya miezi miwili, kwa kuwa anakula na kulala kwangu. Nakosea? (Mama, Dar es Salaam)

Mama, unakosea, nami nakujibu hivyo kwa heshima kwa sababu umeuliza kwa moyo mnyofu. Leo XIII aliandika kwamba mfanyakazi anapokubali masharti magumu kwa kuogopa shida kubwa zaidi, amelazimishwa, hata kama hakuna aliyemshika mkono. Binti huyo huamka saa kumi na moja alfajiri kupiga pasi sare za watoto wako, na Jumapili, sisi tukiwa kanisani tunaimba, yeye amebaki jikoni, ilhali waraka uleule unadai apate siku ya kupumzika na kusali. Kaa naye, mfanye hesabu pamoja: nauli, dawa, na kile anachotuma kwao kijijini. Ile miezi miwili mlipe wiki hii, kabla hujapeleka bahasha yako ya zaka.