Ushushe tu huo wavu
Umeuliza kama wavu wa voliboli unafaa kwa mpira wa vinyoya (badminton) uani. Ndiyo, unafaa, mradi uushushe: ukingo wa juu uwe mita 1.55 kwenye nguzo, si ile 2.43 ya voliboli ya wanaume. Shida ni matundu. Ya voliboli yana sentimita 10, kinyoya kinapenya, hivyo funga juu yake kipande cha wavu kuukuu wa dagaa. Huku Mwanza, Igombe na Kirumba, vipande hivyo havikosekani. Chezeni asubuhi, maana mchana upepo wa ziwa unakipeperusha kinyoya. Kwa watoto napenda zaidi mchezo wa kanga: kila upande wawili washike pembe za kanga, waurushe mpira kwa kanga hiyo juu ya wavu, wenzao waudake kwa kanga yao. Wanacheka mpaka giza linaingia.