Ukitaka kujua shida ya vyumba Dodoma, nenda jioni

Mara ya kwanza kuzunguka mtaa kuangalia mahitaji ya nyumba, nilifika Nkuhungu Jumanne saa nne asubuhi. Nikamkuta bibi anachambua mchicha na wajukuu wawili. Nikaandika: nyumba moja, kaya moja. Jumamosi nikapita tena saa moja jioni. Nyumba ileile ilikuwa na milango sita inayowaka taa, majiko sita ya mkaa uani, choo kimoja na mita moja ya LUKU. Juu ya mita kulikuwa na daftari limening'inizwa kwenye msumari, kila mpangaji na zamu yake ya kununua umeme. Tangu siku hiyo naanza na daftari la umeme.

Sensa isome, inaonyesha kasi: Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012, na 765,179 mwaka 2022, serikali ikiwa imeshahamia. Ila nani amebanana wapi na kwa shilingi ngapi, hilo utalipata uani tu.

Na ukiwa uani, usikimbilie kuuliza "unalipa kiasi gani?" Mwenye nyumba anasikia, na akiona karatasi anajua umetumwa na watu wa kodi ya serikali. Mimi nauliza, "Kodi yako inaisha lini?" Hapo mtu anashusha pumzi na kuanza kusimulia. Dada mmoja muuza chipsi aliniambia chumba chake cha 60,000 kwa mwezi hakimshindi. Kinachomtoa jasho ni kulipa miezi sita kwa mkupuo na mwezi wa dalali juu yake: 420,000 kwa siku moja, wakati yeye hela anaipata jioni kwa jioni. Kwenye jedwali la kodi ya mwezi, dada huyu hana shida yoyote.

Nauli na maji ya madumu viandike pia. Chumba cha bei poa pembezoni kinaweza kumla mfagizi wa ofisi za serikali za Mtumba kuliko cha mjini.

Halafu mtafute dalali, umuulize anaombwa nini kila siku asichonacho. Wangu hakufikiri mara mbili: "Masta chini ya laki," yaani chumba chenye choo chake ndani. Nyumba za vyumba vitatu alikuwa nazo tele, na mapagale mengine yanapanda. Akanidai elfu kumi ya usumbufu, kama mteja. Nikatoa.